Kuba Kabla ya Wakuba: Salum Abdallah, Cuban Marimba na Mwambao wa Rumonge, 1948–1965

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kuinuka kwa Salum Abdallah Yazidu, mwimbaji na kiongozi wa Cuban Marimba Band ya Morogoro, kwa kumtazama kutoka Rumonge na mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika. Historia ya muziki wa dansi wa Kiswahili imezoeleka kuandikwa ndani ya mipaka ya taifa moja, yaani Tanzania. Tunadai kuwa mipaka hiyo inaficha jambo la msingi: muziki wa Kuba uliovikwa Kiswahili ulikuwa mali ya njia nzima iliyotoka Bahari ya Hindi hadi ziwani, na mwambao wa Burundi ulikuwa sehemu ya njia hiyo. Makala yanafuatilia reli, meli, santuri na redio zilizoijenga njia hiyo; yanaeleza uamuzi wa Salum Abdallah wa kuimba muziki wa kigeni kwa Kiswahili; na yanahitimisha kwa mapendekezo kuhusu uhifadhi wa urithi huu katika sera ya Kiswahili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

1. Utangulizi

Katika wiki moja ya mwezi Novemba 1965, Kuba mbili ziliondoka katika ukanda wa Ziwa Tanganyika. Tarehe 19, Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari mjini Morogoro, akiwa na umri wa miaka 37. Siku mbili baadaye, tarehe 21, Ernesto Che Guevara na wapiganaji wa Kikuba waliosalia naye walivuka ziwa usiku kutoka upande wa Kongo kwenda Kigoma, baada ya miezi saba ya vita visivyofanikiwa. Kuba ya kwanza ilikuwa ya kuwaziwa: ya rumba, chacha na bolero, iliyoundwa na vijana ambao hawakupata kuiona Havana. Kuba ya pili ilikuwa ya watu halisi, wenye bunduki na mpango wa mapinduzi.

Kuba ya pili imeandikiwa vitabu vingi. Ile ya kwanza, iliyodumu muda mrefu zaidi na kugusa maisha ya watu wengi zaidi, imeachiwa kurasa chache, na kurasa hizo zimeishia Kigoma. Ng'ambo ya mpaka, katika miji ya Nyanza-Lac na Rumonge, historia ya dansi ya Kiswahili husomwa kama habari ya jirani. Swali linaloongoza makala haya ni hili: tunajifunza nini tukikisoma kisa cha Salum Abdallah tukiwa tumesimama Rumonge?

Swali hilo lina uzito wa kisera. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na tangu hapo mjadala wa Kiswahili nchini humo umeendeshwa mara nyingi kana kwamba lugha hiyo ni mgeni anayekaribishwa kwa sababu za biashara na mtangamano. Mwambao wa ziwa unashuhudia vinginevyo.

2. Njia moja: reli, meli na lugha

Rumonge uko kilomita zipatazo 75 kusini ya Bujumbura. Unatazamana na rasi ya Ubwari upande wa Kongo, na njia yake ya maji kuelekea kusini inafika Kigoma na Ujiji. Uchumi wake umesimama juu ya samaki, hasa ndagala na mukeke, na juu ya mawese. Ni mji ambao Uislamu na Kiswahili vina mizizi ndani yake, tofauti na sehemu kubwa ya milima ya Burundi ambako Kirundi ndiyo lugha ya kila nyumba.

Mizizi hiyo ni ya karne ya 19. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi Februari 1858 waliukuta tayari ukiwa kituo cha wafanyabiashara wa pwani, na safari yao ya mitumbwi kwenda Uvira ilifuata pwani ya mashariki ya ziwa kabla ya kuvuka kwenda magharibi. Katika miaka ya 1880, Muhammad bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, alijaribu kueneza mamlaka yake kutoka Ujiji hadi ncha ya kaskazini ya ziwa. Wajerumani walipoanzisha kituo cha Usumbura mwaka 1897, walikuja na askari, makarani na wachukuzi ambao Kiswahili kilikuwa lugha yao ya kazi.

Ujenzi wa Reli ya Kati uliikaza njia hiyo. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mwendo wa takriban kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam. Vita Kuu ya Kwanza viliigawa koloni ya Wajerumani, Uingereza ikachukua Tanganyika na Ubelgiji ikachukua Ruanda-Urundi, lakini njia yenyewe haikukatwa. Kwa mkataba wa mwaka 1921, Ubelgiji ilipewa maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ipite pasipo ushuru. Maeneo hayo yalijulikana kwa jina la Belbase. Kwa hiyo shehena iliyoteremshwa Dar es Salaam kwa ajili ya Usumbura ilipita Morogoro kwa garimoshi, ikapakiwa melini Kigoma, kisha ikapanda kaskazini kwa ziwa sambamba na pwani ya Rumonge.

Jambo hili ni la msingi kwa hoja yetu. Morogoro na Rumonge ilikuwa miji miwili ya njia moja. Mabaharia, wapagazi wa bandari, wachuuzi wa samaki na makarani waliopita katika njia hiyo walihitaji lugha moja, nayo ilikuwa Kiswahili. Ilipofika zamu ya muziki kusafiri, ulikuta barabara imekwisha kufyekwa.

3. Santuri na mawimbi

Muziki wa Kuba ulifika Afrika kwa njia ya biashara. Mwezi Mei 1930, bendi ya Don Azpiazu, pamoja na mwimbaji Antonio Machín, ilirekodi mjini New York wimbo wa mchuuzi wa njugu, "El Manisero", ambao ulienea duniani. Kuanzia mwaka 1933, kampuni ya Uingereza iliyomiliki nembo ya His Master's Voice ilianza kuuza barani Afrika mfululizo wa santuri uliotambulishwa kwa herufi G.V. Santuri hizo zilikuwa nakala za rekodi za Kilatini, nyingi zikiwa za Kikuba: vikundi vya son kama Sexteto Habanero na Trío Matamoros vikawa majina yanayojulikana katika bandari ambazo wanamuziki wenyewe hawakupata kuzikanyaga.

Kwa nini muziki huo ulipokewa kwa haraka kiasi hicho? Jibu linalotolewa mara nyingi ni la asili. Son ya Kuba iliundwa na wajukuu wa watumwa, na sehemu kubwa yao walitoka bonde la Mto Kongo na Angola; wengine waliopelekwa kisiwani humo walitoka Msumbiji. Utumwa ulifutwa Kuba mwaka 1886, na utaratibu wa ngoma na uitikiaji uliendelea kuhifadhiwa katika vyama vya watu wenye asili hizo. Beny Moré, aliyezaliwa mwaka 1919 na kuja kuwa mwimbaji na kiongozi wa bendi aliyependwa kuliko wengi katika Kuba ya miaka ya 1950, alilelewa katika mji wa Santa Isabel de las Lajas, kandokando ya chama cha ngoma kilichoitwa Casino de los Congos. Masikio ya Afrika yaliposikia son, yalisikia kitu cha nyumbani kilichorudi na mavazi mapya.

Jibu hilo ni sahihi lakini halitoshi. Palikuwa pia na sababu ya kijamii. Dansi ya Kuba ilikuwa ya kisasa pasipo kuwa ya mtawala. Kijana wa mjini aliyevaa suti na kucheza rumba alijitofautisha na ngoma za kijijini, na wakati huohuo hakumwiga Mwingereza wala Mbelgiji. Katika koloni, nafasi ya namna hiyo ilikuwa adimu.

Kwa mtu aliyeishi Rumonge katika miaka ya 1950, njia tatu za kuisikia Kuba zilikuwa wazi. Ya kwanza ilitoka magharibi. Léopoldville ilipata studio zake baada ya Vita Kuu ya Pili. Lebo ya Ngoma ilianzishwa mwaka 1948, African Jazz ya Joseph Kabasele ikafuata mwaka 1953 na OK Jazz mwaka 1956. Ruanda-Urundi ilikuwa imeunganishwa kiutawala na Kongo ya Wabelgiji tangu mwaka 1925, kwa hiyo bidhaa za Kongo, santuri zikiwemo, zilikuwa ndani ya soko moja. Njia ya pili ilitoka mashariki kwa reli na meli tulizozieleza. Ya tatu ilikuwa hewa. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, na mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Mawimbi ya redio hayakuulizwa pasi mpakani, na matangazo yake yalikuwa katika lugha ambayo mvuvi wa Rumonge aliielewa.

4. Kuinuka kwa Salum Abdallah

Salum Abdallah Yazidu alizaliwa Morogoro mwaka 1928, baba yake akiwa mfanyabiashara mwenye asili ya Uarabuni na mama yake Mluguru. Morogoro ya utoto wake ilikuwa mji wa reli na mashamba ya mkonge, uliokusanya vibarua na makarani wa makabila mengi. Katika mji kama huo, starehe ya jioni ilihitaji lugha na ngoma zisizo za kabila moja. Muziki wa dansi ulikuwa na mizizi tayari: Dar es Salaam Jazz Band ilikuwapo tangu miaka ya 1930, na Morogoro kwenyewe Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944.

Inasimuliwa kuwa Salum, akiwa kijana, alitoroka nyumbani na wenzake kwenda Mombasa wakitafuta meli ya kuwapeleka Kuba wakajifunze muziki kwenye chimbuko lake. Meli hawakuipata, wakarudi. Kisa hiki hurudiwa katika karibu kila simulizi ya maisha yake, na msomaji anaweza kukichukulia kama hekaya ya ujana. Sisi tunakiona kuwa na maana ya kihistoria. Kinaonyesha kuwa kwa kijana wa Morogoro wa miaka ya 1940, Kuba ilikuwa mahali pa kweli, panapofikika kwa nauli na ujasiri. Kinaonyesha pia kuwa kushindwa kufika ndiko kulikomlazimisha kuitengeneza Kuba yake pale alipokuwa.

Mwaka 1948 alianzisha bendi iliyoitwa La Paloma, jina la wimbo mashuhuri wa mahadhi ya habanera uliotungwa na Mhispania Sebastián Iradier katika karne ya 19. Baadaye bendi ikachukua jina la Cuban Marimba. Jina hilo linastahili kuangaliwa kwa makini. Neno la kwanza linataja kisiwa cha mbali, na la pili ni neno la Kibantu linalotaja ala inayojulikana kutoka pwani hadi maziwa makuu, ala ambayo kwa majina na maumbo mbalimbali ilivuka bahari pamoja na watumwa. Katika maneno mawili, bendi ilijieleza kuwa ya huko na ya hapa.

Kuinuka kwake kulitegemea mambo manne. La kwanza ni ushindani. Mji wa Morogoro uligawanyika kati ya wapenzi wa Cuban Marimba na wa Morogoro Jazz, na ushindani huo ulizilazimisha bendi zote mbili kutunga nyimbo mpya mfululizo. La pili ni santuri. Tanganyika haikuwa na kiwanda cha kufyatulia santuri, na njia ya kufikia soko ilipitia Kenya. Cuban Marimba ilirekodi kwa lebo ya Mzuri ya familia ya Assanand, wafanyabiashara wa Mombasa. Kijana aliyekwama Mombasa akitafuta meli ya Kuba alirudi pwani hiyohiyo sauti yake ikiwa ndiyo bidhaa. La tatu ni redio, iliyofikisha nyimbo zake kwa watu wasiomiliki gramafoni. La nne ni siasa. Miaka ya kupanda kwa Cuban Marimba ndiyo miaka ya TANU kupanda, na Salum alitunga nyimbo za uhuru na za ujenzi wa taifa sambamba na zile za mapenzi na maonyo ya kijamii. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Burundi ikafuata tarehe 1 Julai 1962.

Tofauti na bendi zilizokuja baadaye chini ya vyama na mashirika ya umma, mathalani NUTA Jazz iliyoanzishwa na chama cha wafanyakazi mwaka 1964, Cuban Marimba ilisimama juu ya jina na haiba ya mtu mmoja. Alikuwa mtunzi, mwimbaji na kiongozi kwa wakati mmoja. Nguvu hiyo ilikuwa pia udhaifu. Alipofariki, bendi iliendelea, na uongozi ukaja kuwa mikononi mwa Juma Kilaza, lakini enzi ya mwanzilishi ilikuwa imefungwa.

5. Lugha kama uamuzi

Msingi wa muziki wa Salum Abdallah ulikuwa wa Kikuba, na shairi lake lilikuwa la Kiswahili. Leo jambo hili linaonekana la kawaida. Wakati ule lilikuwa uamuzi. Katika Léopoldville, baadhi ya bendi za mwanzo ziliimba maneno yenye mlio wa Kihispania, mengine yakiwa hayana maana, kwa sababu mlio huo wenyewe uliuza. Polepole Lingala ikashika nafasi, na rumba ya Kongo ikawa muziki wa Lingala duniani kote.

Matokeo yake mwambaoni yalikuwa ya aina mbili. Muziki wa Léopoldville ulipokewa Rumonge na Usumbura kwa miguu: watu waliucheza na kuyaiga mavazi na majina yake, ilhali wengi wa wakazi hawakuifahamu Lingala vya kutosha kufuata kisa cha wimbo. Muziki wa Kiswahili kutoka Morogoro, Tabora na Dar es Salaam ulikuwa na uwezo wa kupokewa kwa masikio pia. Msikilizaji alielewa nani analaumiwa, nani anabembelezwa, na ni wosia gani unaotolewa. Wimbo wa dansi wa Kiswahili ulirithi kazi ya ushairi wa pwani, yaani mafumbo, majibizano na nasaha, na kazi hiyo haifanyiki pasipo lugha inayoeleweka.

Hapa ndipo tunaona umuhimu wa kutazama kutoka Rumonge. Ndani ya Tanzania, Kiswahili cha Salum Abdallah huelezwa kama mchango katika ujenzi wa taifa, na maelezo hayo yana ukweli. Kwa mtazamo wa mwambao, Kiswahili hicho kilikuwa na kazi nyingine: kiliwaunganisha watu ambao serikali zao zilikuwa tofauti, na baadaye mataifa yao pia. Katika Burundi, lugha ya shule na dini ya Kikatoliki ilikuwa Kirundi na Kifaransa. Kiswahili kilibaki lugha ya masoko, ya Waislamu, ya mitaa kama Buyenzi mjini Usumbura na ya miji ya ziwani. Neno lenyewe "Mswahili" lilibebeshwa dhana ya mtu mjanja asiyeaminika. Katika mazingira hayo, wimbo wa dansi ulikuwa miongoni mwa vyombo vichache vilivyokileta Kiswahili kikiwa na hadhi: lugha ya mapenzi, ya starehe za kisasa na ya uhuru.

Uhai wa lugha hii katika usanii wa Burundi ulithibitika tena miongo mitatu baadaye. Khadja Nin, mzaliwa wa Bujumbura, alipopata umaarufu wa kimataifa kwa albamu yake ya *Sambolera* ya mwaka 1996, Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha alizoimba. Msikilizaji wa Ulaya aliweza kuliona jambo hilo kuwa la ajabu kwa msanii wa Burundi. Aliyejua historia ya mwambao hakuwa na sababu ya kushangaa.

6. Wakuba wafika ziwani

Tarehe 24 Aprili 1965, Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma hadi Kibamba, upande wa Kongo, akiwa na kundi la kwanza la Wakuba. Walikuwa wametoka Dar es Salaam kwa barabara, kwa mwelekeo uleule wa Reli ya Kati unaopita Morogoro. Ili kuficha utambulisho wao, wapiganaji walipewa majina ya Kiswahili, na ya kwanza yalikuwa ya hesabu: Víctor Dreke aliitwa Moja, José María Martínez Tamayo akaitwa Mbili, na Che mwenyewe Tatu.

Kuna kinyume kinachofaa kuzingatiwa. Kwa takriban miaka kumi na saba, vijana wa Morogoro walikuwa wamejipa majina ya Kilatini ili wasikike kama Wakuba. Sasa Wakuba halisi walijipa majina ya Kiswahili ili wasijulikane. Kwa makundi yote mawili, lugha ya mwenzake ilikuwa vazi. Tofauti ni kwamba wanamuziki walilivaa vazi hilo ili wasikilizwe na watu wengi kadiri iwezekanavyo, nao wapiganaji walilivaa ili wasitambulikane na yeyote.

Na Wakuba hawakuwa upande mmoja tu. Wakimbizi wa Kikuba waliompinga Fidel Castro, wakiajiriwa na shirika la ujasusi la Marekani, waliendesha boti za doria ziwani kwa niaba ya serikali ya Kongo. Mvuvi wa mwambao wa mashariki aliyekuwa akitega ndagala kwa taa usiku wa mwaka 1965 alikuwa akivua katika maji yaliyopitiwa na Wakuba wa kambi mbili zinazowindana. Vita vya Fizi na Baraka vilisukuma wakimbizi kuvuka ziwa kwenda Burundi na Tanzania, na wao pia walikuja na Kiswahili chao.

Ulinganisho huu haulengi kuupima uzito wa vita kwa uzito wa muziki. Unaonyesha kuwa njia ileile iliweza kubeba mambo mawili tofauti kabisa, na kwamba lililodumu ni lile lililokuwa limepata lugha ya wenyeji. Che mwenyewe alikiri katika maandishi yake kuwa safari ya Kongo ilikuwa historia ya kushindwa. Lugha ilikuwa miongoni mwa vikwazo vyake: alijifunza Kiswahili akiwa tayari vitani, kwa msaada wa kijana mkalimani. Bendi za dansi zilikuwa zimeanza na lugha.

7. Mwambao uliovunjika

Kwa nini basi Rumonge haupo katika historia ya dansi? Sehemu ya jibu ni ya watafiti, tuliofuata mipaka ya mataifa. Sehemu nyingine ni ya historia yenyewe. Tarehe 29 Aprili 1972, uasi ulianzia kusini mwa Burundi, Rumonge na Nyanza-Lac zikiwa miongoni mwa sehemu za mwanzo kushambuliwa. Ukandamizaji uliofuata uliangamiza watu wengi nchini kote, na mwambao ukapoteza sehemu kubwa ya wakazi wake. Maelfu walikimbilia Kigoma na kupelekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Anayekimbia kwa mtumbwi usiku habebi gramafoni. Makusanyo ya santuri, picha za bendi na vilabu, na kumbukumbu za nani alicheza wapi ni vitu vinavyohitaji nyumba ili vidumu.

Waliokwenda uhamishoni waliishi kwa miongo kadhaa ndani ya Tanzania, wakisikiliza redio yake na kusomesha watoto katika shule zake. Wengi wao au watoto wao walirejea Rumonge katika miaka ya 2000, na kurejea huko kulizua migogoro ya ardhi ambayo watunga sera wanaifahamu vyema. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba warejeaji walirudi pia na Kiswahili na hazina ya nyimbo. Katika mazingira ambapo ardhi na kumbukumbu vinagombaniwa, urithi wa pamoja usiomnyang'anya mtu chochote si jambo dogo.

8. Hitimisho na mapendekezo

Salum Abdallah aliinuka kwa sababu aliushika muziki uliotoka mbali na kuupa lugha iliyokwisha kufika kila kituo cha njia yake. Mafanikio yake yanaelezeka kwa kipaji, kwa ushindani wa Morogoro na kwa siasa za uhuru. Lakini upana wake unaelezeka kwa reli, ziwa, redio na Kiswahili. Tukimsoma kutoka Rumonge, tunaona kuwa eneo la Kiswahili la miaka ya 1950 lilikuwa pana kuliko taifa lolote lililorithi vipande vyake. Kutokana na hoja hii tunatoa mapendekezo manne.

Kwanza, urithi wa dansi ya Kiswahili uorodheshwe kikanda. Kanda za iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, pamoja na hazina za mashirika ya utangazaji ya Kenya na Burundi, zinahitaji orodha moja inayoweza kusomeka katika nchi zote. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ndiyo taasisi inayofaa kuratibu kazi hiyo. Ni somo kwetu kwamba albamu ya *Ngoma Iko Huku*, inayokusanya rekodi za Cuban Marimba, ilitolewa Ujerumani.

Pili, masimulizi ya wasikilizaji wa mwambao yakusanywe sasa. Aliyekuwa na umri wa miaka 15 nchi hizi zilipopata uhuru amekwisha kuvuka miaka 75. Kazi hii iwahusishe waliobaki, waliorejea na waliovuka kutoka Fizi, bila kubagua.

Tatu, nyimbo za dansi ziingizwe katika ufundishaji wa Kiswahili nchini Burundi. Mwanafunzi anayefundishwa kuwa Kiswahili ni lugha ya soko la Jumuiya ana sababu moja ya kukisoma. Anayefundishwa kuwa ni lugha iliyoimbwa na kusikika mwambaoni tangu enzi za babu zake ana sababu ya pili, na yenye nguvu zaidi.

Nne, haki za watunzi na warithi wao ziwekwe wazi kabla ya kazi yoyote ya kuzigeuza rekodi kuwa za kidijitali. Uhifadhi unaowasahau wenye mali huishia kuwa uporaji wa mara ya pili.

Mwaka 2021, UNESCO iliitambua rumba ya Kongo kuwa urithi wa binadamu kwa ombi la Kongo mbili, na mwaka huohuo ikaitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Maamuzi hayo mawili yalipita bila kukutanishwa. Dansi ya Kiswahili iko katikati yake: ni ndugu wa rumba na ni mtoto wa Kiswahili. Kazi ya kuyakutanisha ni ya watafiti na washauri wa sera wa ukanda huu, na mwambao wa Rumonge, ambako rumba ya magharibi na Kiswahili cha mashariki vilipokelewa katika nyumba moja, ni mahali panapofaa kuianzia.